Jembe linalosumbua: dalili, chanzo na tiba

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na kwa methali hiyo watu wengi wameuziwa majembe yasiyowafaa. Anayepalilia chini ya mikorosho kwenye kichanga chekundu cha Tandahimba na anayelima mfinyanzi kwenye bonde la Mto Lukuledi hawahitaji jembe la namna moja, hata kama duka la Masasi linawauzia lile lile kwa bei ile ile. Lakini tuseme jembe umekwisha kulinunua na sasa linakusumbua. Tafuta hapa chini dalili unayoiona, kisha fuata vyanzo vyake kuanzia kile ambacho kukikagua hakugharimu kitu.

Jembe lina sehemu tatu tu: bapa linalokata, tundu au mkia unaoshika, na mpini. Malalamiko mengi hufika kwa fundi yakisema "chuma kibovu", na fundi, kwa kuwa kazi yake ni chuma, hulipasha moto bapa ambalo halikuwa na kosa. Mara nyingi kosa liko kwenye maungio au kwenye pembe kati ya bapa na mpini. Jambo moja la kushika kabla hujaanza: badilisha kitu kimoja, rudi shambani, jaribu kwenye udongo ule ule. Ukibadilisha mpini, ukanoa na ukapinda shingo, yaani pale bapa linapokutana na tundu, siku moja, hutajua kipi kimekuponya, na mwakani utarudia yote.

Kichwa kinacheza kwenye mpini

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Kwanza tazama una jembe la aina gani. Kuna la tundu, ambalo mpini hupita ndani ya pete ya chuma. Na kuna lile ambalo bapa lina mkia wa chuma unaochomekwa kwenye kirungu cha mpini. Yanalegea kwa sababu tofauti.

Kwa jembe la tundu, uliza: mpini umeingilia upande gani? Ukirusha jembe, kichwa hutaka kwenda mbali na mikono yako. Kwa hiyo mpini sahihi una ncha moja nene. Unaingiza ncha nyembamba kwenye tundu, unauvuta wote hadi unene ukwame. Hapo kila pigo linakaza. Mtu aliyechonga mpini ukaingia kwa upande wa mikono, kisha akapigilia kabari juu, amejenga chombo kinachojifungua chenyewe: kila anaporusha, kichwa kinasukumwa kwenda kwenye ncha huru, na kabari peke yake ndiyo inayozuia. Unaweza kuishi na kabari kwenye nyundo, ambayo tundu lake hupanuka kwa juu ili kabari ijaze nafasi. Majembe mengi ya madukani hayakutengenezwa hivyo. Tiba si kuongeza kabari ya pili, ni kutafuta mpini wenye kichwa kinene.

Ukishaupata, ukaze kwa akili. Shika jembe wima, ncha nene ikiwa chini, uigonge juu ya gogo. Mpini unasimama ghafla, chuma kinaendelea kushuka na kukwama zaidi kwenye unene. Wengi hugonga kitako, kichwa kikiwa juu, na kwa mpini wa namna hii hivyo ndivyo unavyolegeza.

Chanzo cha pili ni mti mbichi. Mti ukikauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Mpini wa kipenyo cha milimita 40 ukisinyaa kwa asilimia 5 unapungua milimita 2, na milimita 2 ndani ya tundu ni nafasi tosha ya kichwa kucheza. Ndiyo maana mpini uliokatwa na kutiwa siku hiyo hiyo mvua zikianza Desemba huwa mzima hadi Aprili, halafu kiangazi kikiingia unaanza kutoa sauti. Kata mti wako mapema, uuache kivulini na magome yake, ncha zote mbili zikiwa zimepakwa mafuta au udongo ili usipasuke, na uuchonge baada ya miezi kadhaa.

Hapa kuna tiba ambayo karibu kila kijiji inatumika na karibu kila mara inaongeza ugonjwa: kulaza jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli. Mti umevimba, lakini chuma hakipanuki, kwa hiyo nyuzi za mti zinajibana zenyewe hadi zinapondeka. Jua likipiga, mti unarudi mwembamba kuliko ulivyokuwa jana. Fanya hivyo wiki nzima na utakuwa umeuchonga mpini kwa maji. Ikibidi kuokoa siku ya kazi, sawa. Lakini jioni tafuta mpini mwingine.

Kwa jembe la mkia, kosa huwa kwenye uchomaji wa tundu. Mkia ukipashwa moto hadi mwekundu na kusukumwa kwenye kirungu, unaacha ganda la mkaa kuuzunguka. Mkaa hauna nguvu. Baada ya siku chache unakuwa unga na mkia unacheza. Toboa kwanza kwa keekee, tundu jembamba kuliko mkia, kisha uchome ili kumalizia umbo tu, ukwangue mkaa, ndipo upigilie. Wakati wa kupasha, funga bapa kwa kitambaa kilicholowa. Joto likipanda hadi kwenye makali, umeharibu ugumu wa chuma kwa ajili ya kazi ya mti.

Jembe linateleza juu ya ardhi, halizami

Kila mtu hukimbilia tupa. Subiri. Chukua kamba, shika ncha yake moja kwenye tundu na nyingine kwenye kitako cha mpini, ili urefu wa kamba uwe urefu wa mpini. Sasa ncha ya kitako ibaki pale pale, na ile nyingine ipeleke kwenye katikati ya makali. Kwa jembe lenye mpini wa sentimita 100 na bapa la sentimita 22, kamba ikifika makali barabara bila kubaki wala kupungua, pembe kati ya bapa na mpini ni kama nyuzi 84. Umbali kutoka kitako hadi makali ukiwa sentimita 95, pembe ni nyuzi 70 hivi. Ukiwa 91, ni nyuzi 60. Ukizidi 102, bapa limevuka nyuzi 90, yaani linatazama mbele badala ya kukutazama wewe.

Kwa kulima na kuinua matuta, ningependa pembe iwe kati ya nyuzi 70 na 80. Kwa kupalilia ufuta, ambako unakwangua juu juu bila kugusa mizizi, ifunge zaidi, karibu na 60 hadi 65. Ukipalilia kwa jembe lililofunguka sana, makali yanapiga ardhi yakiwa yamesimama, yanaacha shimo na jani linabaki. Ukilimia jembe lililofungwa sana, linakwangua ngozi ya udongo tu hata uongeze nguvu vipi.

Pembe hubadilika yenyewe. Kung'oa visiki hufungua shingo. Mpini uliopinda kidogo karibu na kichwa unaweza kubadilisha pembe kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo kabla ya kupeleka chuma kwa fundi, zungusha mpini nusu mzunguko ndani ya tundu upime tena. Ikiwa pembe imerudi, umemaliza kazi bila kutoa shilingi.

Pembe ikiwa sawa na bado linateleza, geuza jembe utazame upande wa nyuma wa makali, ule usiokutazama unapolima. Kichanga husugua upande huo na kuufanya mviringo. Hapo makali yanaweza kuwa makali mkononi lakini yasizame, kwa sababu mgongo wa mviringo unagusa ardhi kabla ya makali na kuyanyanyua. Kunoa upande wa ndani peke yake hakutasaidia kabla ya kurudisha upande wa nyuma uwe tambarare. Piga tupa upande wa nyuma, ilale kabisa juu ya bapa, hadi uvimbe uishe; kisha fanya mteremko wa kunoa upande wa ndani. Mteremko wa nyuzi 30 unatosha kwenye kichanga. Kwenye mawe ya matumbawe, kama sehemu za Mikindani na Kilwa, acha uwe mnene hadi 40 au 45, vinginevyo utakuwa unanoa kila baada ya tuta.

Makali yanajikunja, au yanamegeka

Dalili hizi mbili zina sababu zinazopingana, na tiba ya moja ni sumu ya nyingine. Makali yaliyojikunja yanasema chuma ni laini au mteremko ni mwembamba mno. Yaliyomegeka vipande yanasema chuma ni kigumu mno, au uligonga jiwe. Jiwe linasingiziwa mara nyingi. Ukiona mapengo yako mahali pengi, tena yenye kingo zinazong'aa, hapo ni chuma.

Pima kwa tupa nzuri. Ikilishika bapa na kula kwa urahisi kama inavyokula msumari, chuma hicho ni laini. Ikiteleza juu yake bila kuacha alama, ni kigumu mno kwa jembe. Unataka tupa ilikwangue bapa, lakini ikubishie kidogo. Pima makali, kisha sentimita tano juu ya makali. Ikiwa juu ni kugumu na makali ni laini, mtuhumiwa ni grenda. Jiwe la grenda linaloshikiliwa mahali pamoja huchoma ukingo mwembamba kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya bluu au kijivu kwenye makali, ugumu umekwisha pale. Kata sehemu hiyo yote kwa tupa hadi ufike kwenye chuma kizima. Ukilazimika kutumia grenda, weka ndoo ya maji karibu na uzamishe kabla kidole hakijashindwa kugusa.

Kama bapa lote ni laini, yamkini ni chuma cha kaboni kidogo, na hicho hakigeuki kuwa kigumu kwa kupashwa moto na kuzamishwa majini, hata mhunzi awe hodari wa namna gani. Cheche zinasema ukweli: chuma laini kikigusa grenda hutoa mistari mirefu isiyopasuka, na chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka vinyota. Ndiyo maana ukienda kwa mhunzi, baada ya shikamoo, swali la kwanza si bei. "Mzee, hili umelifua kwa springi ya gari au kwa pipa?" Springi ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 na inakubali kazi ya moto. Pipa la mafuta ni la kuezekea banda la kuku.

Kwa jembe la springi lililopoteza ugumu, tiba ipo. Lipashwe kwa nyuzi joto 800 hivi, yaani wekundu wa cheri uonekanao kivulini. Sumaku inasaidia, maana huacha kushika chuma karibu na nyuzi 770, hivyo ukizidisha kidogo tu hapo umefika. Lizamishwe kwenye oili, si maji. Halafu hatua ambayo wengi huiruka kwa haraka ya soko: lipashwe tena polepole hadi makali yageuke zambarau kuelekea bluu, kama nyuzi 300. Bila hatua hiyo, jembe litamegeka kwenye mzizi wa kwanza wa mkorosho.

Lakini kama kinachopinda ni bapa zima, si makali, usipoteze kuni. Ukakamavu wa bapa hufuata unene wake uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu (3×3×3 dhidi ya 2×2×2): bapa la milimita 3 ni kakamavu mara 3.4 kuliko la milimita 2, kwa chuma kile kile. Moto utalisaidia lirudi linapopinda badala ya kubaki limepinda, ila hautalifanya lipinde kidogo. Nunua nene, au lile lenye mfuo wa katikati.

Linaisha haraka

Ikiwa jembe linapungua urefu msimu hadi msimu na makali hayajikunji wala hayamegeki, halina ugonjwa. Chembe za mchanga ni kwazi, madini yaitwayo quartz kwa Kiingereza, na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha jembe. Hakuna duka litakalokuuzia la kushindana nayo. Waingereza walilipia somo hilo kwenye mradi wa karanga ulioanza 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea: udongo wa Kongwa, uliochanganyika na kwazi, ulisaga majembe ya matrekta yao, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mtwara ikabaki na bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, na kwa miaka kadhaa ikawa na reli ambayo haipo tena.

Unaloweza kufanya ni kupunguza kusugua bure. Usikokote jembe njiani. Lima udongo ukiwa na unyevu. Bapa likipungua hadi nusu ya urefu wake, pima tena pembe kwa kamba, maana namba nilizotoa ni za bapa la sentimita 22; bapa fupi lina namba zake.

Mpini unavunjika

Okota vipande uvitazame. Mti uliochanika kwa vibanzi virefu ulikuwa mzima, ulizidiwa nguvu tu. Uliokatika kwa usawa kama karoti ulikuwa umeliwa na wadudu, au nyuzi zake zilikuwa zimekwenda mshazari, au ni mti usiofaa. Matawi ya mkorosho yaliyopogolewa yanavutia kwa kuwa ni ya bure na yapo karibu, lakini ni mepesi na dhaifu. Mpingo nao, ambao Kusini ndiko kwao, ni wa kuchonga vinyago: una uzito wa karibu tani 1.2 kwa mita ya ujazo, hauna unyumbufu, unarudisha kila mtikisiko kwenye viwiko, na kuuvuna kunahitaji kibali. Mkole ni mti wa mipini: unapinda, unarudi.

Ukivunjika kila mara pale unapotokea kwenye tundu, hesabu inaeleza. Mtu akikandamiza kitako cha mpini wa mita moja kwa nguvu ya kilo 40 ili ang'oe kisiki, mpini wa milimita 35 unabeba mkazo wa megapaskali 95 hivi hapo tunduni. Mti mgumu mzuri, mkavu, huvunjika kwenye 100 na kitu. Mpini wa milimita 40 kwa nguvu hiyo hiyo unabeba 64. Milimita 5 zimekupa theluthi nzima ya usalama! Kwa hiyo acha unene karibu na kichwa, wembamba uanzie pale mikono inaposhika. Usichonge ngazi kwenye mpini ili uingie tunduni. Kona hiyo ndiyo ufa unapozaliwa. Na tia kidole ndani ya tundu: ukingo ukikukwaruza, unaukata mpini kidogo kidogo. Uzungushe kwa tupa.

Mchwa wakiwa ndio waliokula, usiupake mpini mafuta ya maganda ya korosho. Kwenye nguzo za nyumba yanawafukuza kweli, lakini mikononi yanachubua ngozi. Paka mafuta ya kula yaliyotumika, na jembe litundikwe badala ya kuegeshwa chini.

Linajizungusha mkononi

Tazama kutoka kitako kuelekea kichwa, jicho moja limefumbwa. Katikati ya makali kunapaswa kuwa kwenye mstari wa mpini. Anayelima kwa mkono wa kulia siku zote anamaliza kona moja ya bapa kabla ya nyingine, na jembe lililoisha upande mmoja linapigwa na ardhi pembeni ya mstari, ndipo linapojisokota. Sawazisha kwa tupa. Ikiwa bapa ni sawa, basi ni mpini wa mviringo kamili; uchonge uwe wa umbo la yai pale unaposhika, na mkono utajua wenyewe bapa linatazama wapi.

Kutu isiyoisha

Pwani ya Lindi na Mtwara chumvi ya hewa inatosha kueleza kutu. Lakini ukiwa Newala au Ruangwa, mbali na bahari, na jembe linaota vishimo, angalia limelala wapi. Salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ikikutana na unyevu hugeuka asidi polepole, na jembe lililowekwa juu ya mfuko wa salfa toka msimu wa kupuliza hutoka na madoa meusi yaliyochimbika. Maji ya mabibo nayo ni chachu; jembe ulilosafishia chini ya mikorosho wakati wa kuokota likaachwa bila kufutwa litakuwa na kutu asubuhi. Lifute, lipake oili chafu, litundike chumba kingine. Kutu ya juu juu haina hasara, udongo utaing'arisha. Vishimo vilivyo karibu na shingo ndivyo vya kuogopa, kwa sababu vinaanzisha nyufa.

Ufa

Ufa kwenye bapa, mbali na tundu, unatibika. Toboa kitundu cha milimita 5 mwisho kabisa wa ufa ili usiendelee, ndipo fundi achomelee. Mwambie alipashe joto kwanza na baadaye alifukie kwenye majivu makavu lipoe taratibu; chuma cha kaboni kikichomelewa baridi na kupoa haraka hupasuka tena, kando tu ya mshono. Ufa uliofika kwenye pete ya tundu ni habari nyingine. Pete hiyo ndiyo inayobeba kila pigo, na ikifunguka angani kichwa kinaruka kwa aliye mbele yako. Usilipe mtu aichomelee. Kata bapa, mpe mhunzi akutolee kijembe cha bustani ya mchicha.